Mwisho wa Mama Majani

Salvina hakuwa na ugomvi na mlima. Ugomvi wake ulikuwa na watu wanaotaka mlima uchorwe. Asubuhi hiyo kampuni moja ya kupandisha wageni ilikuwa imemrudishia mchoro wa fulana, ikitaka aongeze tembo upande wa kushoto, twiga upande wa kulia, na Mmasai anayeruka katikati. Mwenye kampuni alikuwa mtu wa Kibosho, jirani kabisa, na katika maisha yake yote hajawahi kumkuta twiga kwenye migomba ya mama yake. Lakini ndiye aliyekuwa akilipa, kwa hiyo Salvina alikaa kwenye chumba chake cha kupanga pale Majengo, akamchora twiga huku akimtukana kimoyomoyo.

Hiyo ilikuwa kazi ya kula. Kazi yake hasa ilikuwa nyingine, na watu wengi wa Moshi hawakuwa na jina la kuiita. Ndugu zake waliiita vikatuni. Kila Ijumaa alitoa kwenye simu kurasa chache za hadithi yake ya picha, na mwisho wa mwezi alichapisha nakala za karatasi katika duka la stesheneri karibu na stendi, akawauzia wanafunzi wa vyuo. Ilikuwa hadithi ya kutisha na iliitwa Mama Majani.

Mama Majani ni mwanamke anayepanda kutoka mashamba ya chini, amejitwika mzigo mkubwa wa majani ya ng'ombe, kiasi kwamba uso wake hauonekani. Anasimama kando ya njia, ameegemea ukingo wa udongo, kama wanavyosimama wanawake wa mlimani wakitaka kupumua bila kutua, maana ukitua huna wa kukutwika tena. Unapita, unamsalimu. Haitikii. Unakwenda zako ukinung'unika kwamba ana maringo. Kesho unamkuta kwenye ukingo ulio karibu zaidi na kwako. Keshokutwa yuko langoni. Hana meno marefu, hana kucha, hanyonyi damu ya mtu. Anasimama tu na mzigo wake, na watu wa nyumba ile wanaanza kugombana wao kwa wao, kwa sababu kila mmoja anajua jambo ambalo hataki kuulizwa. Katika ukurasa wa mwisho amesimama uani, mlango umefungwa kwa ndani, na ng'ombe analia. Hadithi inaishia hapo. Wasomaji walimwandikia kulalamika kwamba haijaisha, na malalamiko hayo yalimfurahisha kuliko sifa zote.

Kuhusu filamu za kutisha Salvina alikuwa na msimamo, na aliutoa hata mahali ambapo hakuombwa. Utotoni, mama yake alipokwenda sokoni mjini kuuza ndizi, yeye alikuwa akichomoka na kujipenyeza kwenye banda la video, ambako DJ alitafsiri filamu kwa kipaza sauti na kueleza kila kitu mpaka vile ambavyo havikuwamo. Huyo jamaa aliongea bila kupumzika. Lakini mambo yalipokuwa mabaya kweli, alinyamaza, na hapo ndipo watoto waliposhikana mikono. Salvina aliamini kwamba sanaa nzima ya kutisha iko hapo, kwenye ile dakika ambayo anayejua kueleza anakosa la kusema. Filamu za siku hizi, alisema, hazinyamazi. Zinampaka mtu unga usoni, zinamwagia rangi nyekundu ukutani, kana kwamba watu waliozoea kuchinja mbuzi kila Krismasi wataogopa rangi.

Kilichomkera zaidi ya vyote ni mchungaji. Filamu inakwenda vizuri, nyumba imejaa kitu kibaya, watu wanakosa usingizi, halafu dakika za mwisho anaingia mtumishi na suti iliyonyooshwa, anapiga kelele, anamnyooshea pepo mkono, pepo linaungua, familia inakumbatiana. Salvina alikuwa akisali kila Jumapili na hakuwa na neno na maombi. Alichokasirikia ni ule urahisi. Pepo likishafukuzwa, hakuna mtu anayeulizwa lilifuata nini pale nyumbani.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote alikomtoa Mama Majani. Alimtoa kwa mama yake. Bernadetha alikuwa na homa wiki nzima, na jumuiya yote ilijua, kwa sababu hata kwenye sala za nyumbani hakuonekana. Siku moja akashuka mashamba ya chini kukata majani. Wakati wa kupanda aliegemea ukingo, mzigo ukiwa kichwani, akafa vivyo hivyo akiwa amesimama, kamba ya mzigo imembana kwenye udongo. Watu wakapita. Wakamsalimu. Hakuitikia, wakakasirika, wakaenda kusimulia kwamba mke wa Sirili siku hizi anajiona. Jioni ndipo mtu mmoja alipomgusa bega. Salvina alikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu. Aliporudi kwa mazishi alisikia watu wakimsifu marehemu kwa uchapakazi wake. Alipouliza kwa nini mgonjwa wa homa alikwenda kukata majani, kila mtu alimjibu kwa sentensi ileile, kwamba unamjua mama yako, hakuwa mtu wa kukaa. Aliichukia sentensi hiyo, na hasira ile ndiyo iliyomfundisha kuchora.

Basi miezi miwili nyuma alikuwa amejitokeza mtu anayeitwa Filemon, mtayarishaji wa filamu, kijana wa Machame anayeishi Dar. Walikutana kwenye mgahawa karibu na mnara wa saa. Filemon alikuwa ameisoma hadithi yote, na aliisifu kwa namna iliyoonyesha kwamba ameisoma kweli. Alitaka kuifanya filamu. Salvina alisema sawa, ila mwisho usiguswe, na jina lake liandikwe. Filemon akakubali yote mawili. Kisha, wakati wa kuagana, akasema kwamba hadithi ni ya nyumbani, na mambo ya nyumbani hayafanywi bila wazee. Salvina alidhani anaongea tu, kama watu wanavyoongea wakitaka kuonekana wamelelewa. Hawakuwa wameandikiana lolote bado, naye alikaa akisubiri kuitwa.

Hakuitwa. Alipomaliza tu masikio ya twiga, simu ikalia. Baba yake mdogo, Julius, alikuwa ametuma video kwenye kundi la ukoo, na chini yake ameandika hongera Salvina, umetuletea sinema nyumbani. Salvina akaifungua. Palikuwa uani kwa baba yake, kule Kibosho, zizi likionekana nyuma na migomba pembeni. Mwanamke alikuwa amesimama na mzigo wa majani kichwani. Mbele yake mwanaume mwenye suti alinyoosha mkono na kuita moto, moto, moto, na sauti ya nyuma ya kamera ikasema vizuri sana, tukirudia tutauwasha kweli.

Aliitazama mara moja tu. Akatoka hata kalamu hajafunika, akakamata bodaboda, akamwambia kijana ampeleke Kibosho na asimwongeleshe njiani.

Kupanda kule alikuwa na muda wa kupanga maneno, na yote yalikuwa ya Filemon. Alikusudia kumwita mwizi mbele ya watu wake. Alikusudia kumuuliza kama huko Machame mtoto wa mtu hubatizwa jina jingine baba yake akiwa ametoka kidogo. Hasira ilimjaa mpaka akasahau kupatana bei ya boda, na alipofika akalipa ile aliyotajiwa.

Uani palikuwa na watu kama siku ya harusi. Wazee wa ukoo walikaa kwenye mabenchi, kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, ikipita kutoka mkono hadi mkono. Baba yake, Sirili, alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mto, amevaa koti la misa na kofia. Vijana wa kamera walikuwa wakivuta waya kati ya mibuni. Yule mwigizaji wa kike alisimama pembeni akijinyoosha shingo, na mzigo wa majani ulikuwa chini karibu naye, umelowa kitu chenye harufu ya mafuta ya taa.

Salvina alimsalimu baba yake kwanza, kwa sababu hasira haiondoi shikamoo. Sirili akaitikia marahaba bila kumtazama. Ndipo akamgeukia Filemon, na maneno yakamtoka yote, mengine ambayo hakuwa ameyapanga. Filemon alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Alipojibu hakuonekana kuona haya hata kidogo. Alisema amefuata utaratibu. Alikuja kwa mzee na madebe ya mbege, na mbuzi, akaeleza shida yake mbele ya ukoo, na mzee akanywa wa kwanza. Mbege ikishanywewa neno limekubaliwa, yeye Salvina ni mtu wa huku na anajua.

Alijua. Na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amekesha na ile hadithi miaka mitatu, macho yamemuuma, mgongo umempinda, na kumbe ilikuwa inaweza kuposwa kama ng'ombe wa nyumbani, baba akanywa, wazee wakashangilia, na mwenye hadithi akaipata habari kwenye simu.

"Mimi ndiye niliyeiandika," alisema. "Huyu mzee hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja. Umemwomba mtu asiyehusika."

"Au ni ule mwisho, dada?" Filemon akasema. "Najua tulikubaliana nisiuguse."

"Huo ndio nakuuliza."

"Mimi mwisho wako niliupenda," Filemon akasema, na kwa mara ya kwanza akashusha sauti. "Sikuubadilisha mimi. Muulize mzee."

Wazee wakaanza kutazama ndani ya kata, kila mmoja kwa zamu. Salvina akamgeukia baba yake. Sirili aliinuka taratibu, akamwambia Salvina amfuate, wakazunguka nyuma ya zizi, mahali ambapo watu hawawasikii.

Huko alimweleza kwa maneno machache, akiongea na ukuta wa zizi zaidi ya kuongea na binti yake. Ni kweli hakuwa amesoma. Lakini Julius alimwonyesha zile picha kwenye simu, na alipoiona ile ya mwanamke aliyeegemea ukingo alimjua. Angeachaje kumjua. Alikuwa akimwona tangu azikwe. Siyo kila siku, bali zile jioni ambazo ng'ombe analia kabla ya kupewa majani. Anasimama hapo langoni na mzigo wake. Alikwisha toa misa kwa nia ya marehemu, mara nyingi tu. Padre alikuja akabariki nyumba mpaka zizi. Haikusaidia. Basi Filemon alipokuja na habari ya sinema, alimwambia atakunywa mbege yake kwa sharti moja, kwamba yule mwanamke aombewe na achomwe hapahapa uani, ukoo wote ukiona. Labda ataridhika aende.

Salvina alikuwa ametumia maisha yake kutafuta namna ya kumtisha mtu, na baba yake alikuwa akiishi ndani ya hadithi yake muda wote bila kumwambia.

"Unataka kumchoma mama."

"Siyo mama yako. Ni yule mwingine."

"Hakuna mwingine, baba. Kwa nini alishuka kukata majani na homa ile?"

"Unamjua mama yako," Sirili akasema. "Hakuwa mtu wa kukaa."

Ilikuwa sentensi ileile. Salvina alitaka kupiga kitu, na kilichokuwa karibu kilikuwa ukuta wa zizi, akaupiga kwa kiganja mpaka ng'ombe akashtuka ndani.

Alimwambia arudishe neno lake. Sirili alijibu kwamba amekwisha kunywa. Kwa ukoo wao neno lililonywewa mbege halirudishwi na mtu mwingine. Analirudisha aliyekunywa, mbele ya wale aliokunywa nao, na hawezi kusema tu kwamba amebadili mawazo kama mtoto. Lazima aseme sababu, na sababu ikishasemwa hapo imesemwa kwa ukoo mzima. Wote wawili walilijua hilo, na Salvina akaona wazi kwamba baba yake haogopi kumwudhi Filemon wala kupoteza mbuzi. Anaogopa sababu.

"Basi sikiliza," alisema. "Kwenye ile hadithi yote sijamchora mume wake. Watu wananiuliza kila Ijumaa, mume yuko wapi, mbona mwanamke ana ng'ombe na hana mume. Nimekuwa nikikufichia, hata sijui kwa nini. Ukiacha wamchome hapa, nitaanza kumchora huyo mume, na nitamchora vizuri, mpaka kovu la kwenye nyusi na koti hilo ulilovaa. Watu wa hapa watamjua bila kuambiwa."

Hayo hayakuwa maneno ya kumwambia mzazi, na akiwa anayasema alijua. Hakuyapunguza. Sirili alimtazama kama anayetafuta pa kumkemea, kisha akavuta koti lake likakaa sawa na kurudi uani.

Hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama mbele ya mabenchi akavua kofia, na wazee wakamgeukia, kwa kuwa mtu havui kofia bure. Filemon, ambaye pua yake inanusa vitu hivi kwa mbali, akampa kijana wa kamera ishara ndogo ya kidole. Salvina aliiona. Alimfuata yule kijana, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asipozima kamera hiyo ataitupa kwenye mfereji na yeye ataifuata. Kijana akaizima bila kungoja amri ya bosi wake, akafunga na kifuniko.

"Narudisha neno langu," Sirili akasema. "Huyo mwanamke asichomwe."

Julius akauliza sababu. Aliuliza kwa upole, kwa sababu lazima mtu aulize, na mdogo mtu ndiye anayestahili.

Sirili akaigeuza kofia mikononi. Kuku alipita katikati ya uwanja na hakuna aliyemfukuza. Mwisho akasema kwamba asubuhi ile Bernadetha alikuwa amelala, amejifunika blanketi mbili, anatetemeka. Alimwomba siku hiyo ng'ombe apewe migomba tu, ikatwe hapahapa shambani. Yeye Sirili hakutaka. Ng'ombe alikuwa wa maziwa, migomba mitupu ingepunguza maziwa, na kulikuwa na watu wanaosubiri maziwa yao. Akamwambia kwamba ng'ombe hajala tangu jana, na kwamba wanawake wengine wana homa na wanafanya kazi.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hapo kwenye mabenchi walikuwemo wawili waliopita kwenye ule ukingo siku ile, wakasalimu, wakakasirika, na Salvina aliwajua kwa majina. Mmoja aliweka kata chini kwenye majani, taratibu, pombe ikiwa bado nusu. Filemon alikuwa amevua miwani na hakujua aiweke wapi.

Julius akakohoa. Alisema yatosha sasa, kaka, neno limerudi, mtoto naye amesikia, tumwachie Mungu. Wazee wakaanza kuitikia kwa sauti za chini, ndiyo, ndiyo, yatosha, na mabenchi yakalia watu walipojisogeza ili shughuli ifungwe. Salvina aliona kabisa kinachotaka kutokea. Walikuwa wanamleta mchungaji. Hakuwa na suti wala hakupiga kelele, lakini ni yuleyule, amekuja dakika za mwisho ili watu wakumbatiane.

"Haitoshi," alisema. "Bado hajamaliza. Mama alijibu nini?"

Julius akamwita jina lake kwa onyo. Hakugeuka. Alikuwa anamtazama baba yake tu, na alikuwa na hasira bado, haikuwa imepungua hata tone, na hakutaka ipungue.

"Alijibu nini, baba?"

"Hakujibu kitu," Sirili akasema. "Aliamka, akauliza mundu uko wapi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo mlangoni, nakunywa chai. Nikamwonyesha."

Akanyoosha kidole kuelekea zizini, na kati ya watu wote waliokuwa pale uani hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama.